Je, Wajua? Mvua Zinapoingia Jangwa la Juu la Amerika

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Mexico hubadilika ghafla. Miezi ya jua kali hukatizwa na ngurumo, mito iliyokuwa mchanga mtupu hujaa maji kwa dakika chache, na viumbe waliojifukia ardhini hujitokeza. Ni mvua ya muda mfupi na yenye nguvu nyingi. Anayefaidika nayo ni yule aliyejiandaa kabla ya tone la kwanza, awe chura, mmea au mkulima. Haya hapa mambo ya msimu huo, moja baada ya jingine.

UPEPO UNAPOGEUKA

1. Je, wajua kwamba Marekani nako kuna mvua zinazoletwa na pepo za msimu? Watu wa mwambao wetu wanazijua kusi na kaskazi, pepo zilizosukuma majahazi kati ya Uarabuni, India na Zanzibar kwa karne nyingi. Huko Arizona na New Mexico, na ng'ambo ya mpaka katika majimbo ya Sonora na Chihuahua, upepo hutoka magharibi ukiwa mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Joto likikomaa, hugeuka ukavuma kutoka kusini na mashariki ukiwa umebeba unyevu.

2. Kinachougeuza upepo huo ni jua. Juni nzima huichoma ardhi ya jangwa, hasa kando ya Mto Colorado unapokaribia bahari. Hewa ya moto hupanda na kuacha mgandamizo mdogo chini. Wakati huohuo kitovu cha mgandamizo mkubwa husogea kaskazini hadi pale yanapokutana majimbo ya Arizona, New Mexico, Utah na Colorado. Hapo ndipo njia ya unyevu hufunguka.

3. Unyevu wenyewe hutoka Ghuba ya California na Pasifiki ya tropiki, na katika tabaka za juu za hewa hutoka pia Ghuba ya Mexico. Mara kwa mara wimbi la hewa nyevu huipanda Ghuba ya California kutoka kusini. Likifika mji wa Yuma, watabiri wa Arizona hujua kwamba ngurumo haziko mbali.

4. Mvua hizi ni za Mexico kwanza. Huanza Juni kwenye milima ya Sierra Madre Occidental, kisha huelekea kaskazini na kuvuka mpaka mwanzoni mwa Julai. Katika sehemu za kaskazini-magharibi mwa Mexico huleta hata asilimia 70 ya mvua ya mwaka mzima. Kusini mwa Arizona ni karibu nusu.

5. Je, wajua kwamba milima nayo ina mkono wake katika mvua hizi? Mwaka 2021 watafiti William Boos na Salvatore Pascale walieleza katika jarida la Nature kwamba Sierra Madre huukinga mkondo wa pepo za juu na kuupinda kuelekea Ikweta. Mkondo huo ukielekea tena mashariki, huinua hewa yenye joto na unyevu juu ya milima ya magharibi mwa Mexico, na hewa hiyo ikipoa hugeuka mvua.

6. Zamani, kuanza kwa msimu kulipimwa kwa unyevu wa hewa. Mjini Tucson, ilibidi siku tatu mfululizo ziwe na unyevu wa kutosha hewa kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 12 za Selsiasi. Tangu 2008 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani imeweka tarehe maalumu: 15 Juni hadi 30 Septemba. Sababu ni usalama wa watu. Watu wajiandae mapema, wasingoje kutangaziwa kwamba mvua imefika.

7. Jangwa hili haliko bondeni tu. Uwanda wa Juu wa Colorado una sehemu nyingi zilizo kati ya mita 1,500 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Albuquerque iko mita 1,600 hivi, mwinuko unaokaribiana na wa Nairobi. Santa Fe na Flagstaff ziko karibu mita 2,100, na usiku wa majira ya baridi theluji huanguka huko.

ALASIRI MOJA YA JULAI

8. Wajua mvua hii hufuata saa? Asubuhi mbingu huwa safi. Jua huipasha milima joto, na kufikia adhuhuri mawingu meupe huanza kurundikana juu ya vilele. Alasiri huwa yamekua marefu na meusi chini, na ngurumo huanza. Kwenye mabonde ya chini, kama Phoenix, dhoruba mara nyingi hufika jioni au usiku. Ndiyo maana wapanda milima wa huko huondoka alfajiri ili wawe wameshashuka kabla ya saa sita mchana.

9. Upepo baridi unaotangulia mvua unaweza kushusha joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi katika dakika chache.

10. Kuna mvua inayoonekana kwa macho lakini haifiki chini. Mapazia ya kijivu huning'inia kutoka mawinguni, na matone hukaukia njiani kwa sababu hewa ya chini ni kavu mno. Matone hayo yakigeuka mvuke huipoza hewa, na hewa iliyopoa huwa nzito ikaporomoka kwa kasi hadi ardhini. Mporomoko huo ukigonga chini husambaa pande zote na unaweza kung'oa miti na mapaa ya nyumba.

11. Aliyeuchambua mporomoko wa namna hiyo kwa kina ni Ted Fujita, mwanasayansi mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Chicago. Alianza baada ya kuichunguza ajali ya ndege ya abiria iliyotokea New York mwaka 1975. Leo viwanja vikubwa vya ndege vina mitambo ya kugundua pepo hizo.

12. Mvua hii haigawi sawa. Mtaa mmoja hufurika, na mtaa wa pili vumbi halijalowa. Karibu na mji wa Tombstone, Arizona, wataalamu wa kilimo wameweka makumi ya vipima-mvua katika bonde dogo la Walnut Gulch, lenye kilomita za mraba zipatazo 150. Wamekuwa wakipima huko tangu miaka ya 1950, na hata katika eneo dogo kama hilo dhoruba moja huacha vipimo vinavyotofautiana sana.

13. Je, wajua harufu ya mvua ya jangwa la Sonora hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye majani ya kichaka kiitwacho kreosoti, yenye utomvu wa mafuta unaolilinda jani lisikauke. Unyevu ukiyagusa, harufu kali huenea hewani, mara nyingine kabla mvua yenyewe haijafika. Mtu aliyelelewa huko huitambua hata akiwa amefumba macho.

VUMBI, RADI NA MOTO

14. Tarehe 5 Julai 2011, ukuta wa vumbi uliokuwa na kimo cha zaidi ya kilomita moja na nusu na upana wa karibu kilomita 160 uliufunika mji wa Phoenix. Ulisukumwa na upepo uliotoka kwenye dhoruba za mvua. Dhoruba ya namna hiyo huitwa habubu, na Wasudani wa Khartoum wanaifahamu vyema kwani nao huipata kila mwaka.

15. Dereva akikutwa na habubu barabarani, mamlaka za Arizona humwelekeza atoke kabisa nje ya barabara, asimamishe gari, azime taa zote, na aondoe mguu kwenye breki. Kwa nini azime taa? Kwa sababu anayekuja nyuma akiona taa nyekundu kwenye vumbi hudhani gari lile linatembea, akalifuata na kuligonga.

16. Vumbi hilo linaweza kubeba ugonjwa. Udongo wa jangwa hili una kuvu aitwaye Coccidioides. Vijidudu vyake vikivutwa puani huweza kuleta homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu unaofanana na mafua makali au nimonia. Sehemu kubwa ya wagonjwa wote wa homa hiyo nchini Marekani hupatikana Arizona na California.

17. Umeme wa radi huipasha hewa inayouzunguka hadi karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, joto linalozidi mara tano lile la uso wa jua. Ukipiga mchangani huweza kuyeyusha chembe zikawa mirija ya kioo.

18. Kila sekunde 3 kati ya kuona mwako na kusikia ngurumo ni sawa na kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani ya nyumba au gari lililofunikwa. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

19. Juu ya milima ya Magdalena, New Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, kuna Maabara ya Langmuir iliyojengwa mwaka 1963. Wanasayansi walipachagua kwa sababu dhoruba za Julai na Agosti huzaliwa pale pale juu ya kilele, karibu kila alasiri. Hurusha roketi ndogo zenye waya mwembamba kuelekea mawinguni ili radi ipige mahali na wakati walioupanga.

20. Katika jimbo hilohilo, msanii Walter De Maria alisimamisha nguzo 400 za chuma cha pua katika uwanda wa juu, zikiwa zimepangwa kwa mistari kwenye eneo la maili moja kwa kilomita moja. Kazi hiyo, The Lightning Field, ilikamilika mwaka 1977. Radi hupiga pale mara chache kuliko wageni wanavyotarajia, na mwanga wa alfajiri na machweo juu ya vyuma ndio wengi hukumbuka.

21. Je, wajua kwamba siku za kwanza za msimu ndizo za hatari kubwa ya moto? Radi hupiga msitu uliokauka kabla mvua ya kutosha haijanyesha. Tarehe 28 Juni 2013 radi iliwasha moto karibu na Yarnell, Arizona. Siku mbili baadaye upepo wa dhoruba uligeuza moto huo ghafla, na wazimamoto 19 wa kikosi cha Granite Mountain wakafa pamoja. Ngurumo zilezile zinazoleta afueni ndizo zilizogeuza upepo.

22. Msitu ukiungua, mvua ya mwaka unaofuata huwa hatari mpya. Udongo uliochomwa haunywi maji, na mlimani hakuna mizizi ya kuyazuia. Sehemu ya mji wa Ruidoso, New Mexico, iliteketezwa na moto Juni 2024. Tarehe 8 Julai 2025 mvua ilinyesha juu ya makovu ya moto huo, mto wa mji huo ukapanda hadi zaidi ya mita 6, kiwango kisichowahi kurekodiwa pale, na watu watatu wakafa, wakiwemo watoto wawili.

WALIOSUBIRI CHINI YA ARDHI

23. Chura wa sepetu hukaa ardhini miezi minane hadi kumi kwa mwaka. Kwenye miguu yake ya nyuma ana ukingo mgumu mweusi wa kuchimbia, ndilo sepetu lake. Mtikisiko wa ngurumo na wa matone juu ya ardhi ndio humwamsha. Hutoka usiku uleule na kukimbilia dimbwi la kwanza kutafuta mwenzi.

24. Akitoka, hula bila kupumzika. Kumbikumbi nao huruka baada ya mvua ya kwanza, na chura huyu anaweza kula usiku mmoja chakula kinachozidi nusu ya uzito wake. Mlo kama huo waweza kumtosha karibu mwaka mzima.

25. Je, wajua kiluwiluwi wake huwa chura kamili kwa muda gani? Katika aina moja huchukua siku nane hivi tu, kwa sababu dimbwi halitangoja. Katika jamii nyingine ya vyura hao, viluwiluwi vikikuta chakula cha nyama dimbwini, baadhi huota taya kubwa na kuanza kuwala wenzao. Hao hukua upesi, na dimbwi likiwahi kukauka ndio wenye nafasi ya kupona.

26. Mwishoni mwa Julai 2021, baada ya mvua kubwa kaskazini mwa Arizona, uwanja wa kale wa mchezo wa mpira katika magofu ya Wupatki ulijaa maji. Ndani yake wakaonekana mamia ya viumbe wadogo wenye macho matatu, waitwao Triops, jamaa wa mbali wa kamba. Mayai yao yalikuwa yamelala ndani ya udongo mkavu, na yanaweza kulala hivyo kwa miongo kadhaa.

27. Asubuhi baada ya mvua nzuri, utitiri wakubwa wekundu, laini kama mahameli, hutoka ardhini kwa saa chache. Huwinda kumbikumbi, hupandana, kisha hurudi chini hadi mwaka mwingine.

28. Buibui wa tarantula madume nao huacha mashimo yao msimu huu na kutembea usiku wakitafuta majike. Dereva wa huko huwaona wakivuka barabara polepole.

29. Mmea wa ocotillo huonekana kama fimbo kavu zenye miiba. Ikinyesha, hujaa majani ya kijani ndani ya siku chache. Ardhi ikikauka huyaangusha yote, na waweza kurudia hivyo mara kadhaa kwa mwaka.

30. Saguaro, mdungusi mkubwa wa jangwa la Sonora, hufikia mita 12 na zaidi. Mizizi yake mingi hulala karibu na uso wa ardhi ili iwahi maji kabla hayajapotea. Shina lake lina mikunjo inayotanuka, na saguaro mkubwa anaweza kuhifadhi mamia ya lita. Matunda yake huiva Juni, hivyo mbegu huanguka wiki chache kabla ya mvua. Mche wake haukui hata sentimita 5 katika miaka minane ya mwanzo.

WALIOISHI NA MVUA HII

31. Kwa watu wa Tohono O'odham, ambao nchi yao imekatwa na mpaka wa Marekani na Mexico, mwaka huanza na mavuno ya saguaro. Huangua matunda kwa vijiti virefu vilivyounganishwa kwa mbavu kavu za saguaro aliyekufa. Juisi yake huchemshwa, huchachushwa, na kunywewa katika ibada ya nyimbo za kuita mvua. Kwao mvua huombwa, na kuiomba ni kazi ya jamii nzima.

32. Watu haohao walipanda mashamba yao pale mito mikavu inapofunguka kwenye uwanda, ili mafuriko ya Julai yamwagilie na kuacha rutuba. Zao lao kuu lilikuwa maharage ya tepari, yanayokomaa upesi na kuvumilia joto ambalo maharage ya kawaida hayaliwezi.

33. Wahopi wa kaskazini mwa Arizona hulima mahindi bila umwagiliaji, mahali panapopata karibu milimita 250 za mvua kwa mwaka. Hufukia mbegu sentimita 15 hadi 30 kwenda chini, palipobaki unyevu wa theluji. Mahindi yao yamechaguliwa kwa vizazi vingi, hata chipukizi huweza kupanda kutoka kina hicho. Mashina hupandwa mbalimbali yasigombanie maji, na ngurumo za Julai huyakuta yameshajishika.

34. Oraibi, kijiji cha Wahopi, kimekaliwa mfululizo tangu karibu karne ya 12. Kila Julai Wahopi huwaaga katsina, roho zinazoleta mvua, ambazo hurudi kwenye vilele vya San Francisco juu ya Flagstaff. Wageni hawaruhusiwi kupiga picha vijijini, na heshima hiyo yafaa ilindwe.

35. Wazuni wa New Mexico hupanda mboga katika visanduku vidogo vya udongo vilivyozungushiwa kuta za matope, ili kila tone libaki mguuni mwa mmea.

36. Wanavajo hutofautisha mvua ya kiume, inayokuja kwa ngurumo na kishindo, na mvua ya kike, inayonyesha taratibu na kuzama ardhini. Zote mbili ni baraka, na shamba linazihitaji zote.

37. Je, wajua kwamba mti wa meskiti wa jangwa hili ni ndugu wa mathenge, mti uliovamia Baringo, Garissa na Tana River nchini Kenya? Kule kwao maganda yake matamu husagwa unga. Wajuzi huyavuna kabla ya mvua za Julai, kwa maana unyevu huleta kuvu wenye sumu.

38. Tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Wakatoliki wengi wa Sonora na wa Tucson huikaribisha mvua kwa maandamano na baraka za maji.

MAJI YASIYONGOJA

39. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo jembamba la Antelope, ndani ya nchi ya Wanavajo. Pale walipokuwa hapakunyesha mvua ya kutisha. Dhoruba ilikuwa kilomita kadhaa upande wa juu wa korongo, na maji yakashuka kwa ghafla kupitia mwanya wa mawe usio na pa kukimbilia.

40. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuchukua gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, makubwa pia. Kina hicho cha mwisho hakifiki kiuno cha mtu mzima.

41. Tangu 1995 Arizona ina sheria ambayo wananchi huiita Sheria ya Dereva Mpumbavu. Anayekwepa kizuizi na kuingia kwenye maji, kisha akahitaji kuokolewa, anaweza kutozwa gharama za uokoaji hadi dola 2,000.

MWAKA HUU NA MWAKA ULE

42. Msimu wa 2020 Tucson ilipata milimita 41 tu. Msimu wa 2021 ilipata milimita 325 hivi, na Julai ya mwaka huo ikawa mwezi wenye mvua nyingi kuliko wote waliowahi kurekodi pale.

43. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo, kuanzia 30 Juni, joto la mchana likifika nyuzi 43 au zaidi. Msimu mzima wa mvua ulileta milimita 4 tu, ukawa msimu mkavu kuliko yote katika kumbukumbu za mji huo. Baadhi ya saguaro walioishi miongo mingi walianguka.

44. Vipimo vya muda mrefu vya Walnut Gulch vinaonyesha kwamba mvua za msimu huu zimekuwa kali zaidi kuliko zilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na dhoruba ikipasuka humwaga mengi kwa muda mfupi. Mitaro na madaraja yaliyojengwa kwa mvua za zamani huenda yasitoshe tena.

KUPANDA MAJI

45. Mafuriko si hasara tupu. Mto mkavu wenye mchanga hunywa maji mengi yanapopita, na maji hayo huzama kuwa akiba ya visima. Mto uliosakafiwa kwa saruji huyapeleka yote mbali.

46. Mwaka 2008 Tucson ilipitisha sheria, ya kwanza ya aina yake Marekani, inayozitaka biashara mpya kupata angalau nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua.

47. Mjini humo, mkazi Brad Lancaster alikata kingo za barabara ya mtaa wake ili maji ya mvua yaingie kwenye mashimo ya miti badala ya kupotelea mtaroni. Wakati huo sheria haikuruhusu. Baadaye mji wenyewe uliruhusu, na mtaa wa Dunbar Spring sasa una mamia ya miti ya asili iliyooteshwa kwa maji yaliyokuwa yakiitwa taka.

48. Je, wajua Lancaster alijifunzia wapi? Afrika. Mwaka 1995 alimtembelea Zephaniah Phiri Maseko, mkulima wa Zvishavane, Zimbabwe. Phiri alikuwa amefungwa na serikali ya Rhodesia na kupoteza kazi ya reli. Akabaki na shamba lake kavu chini ya kilima cha mwamba. Aliyatazama maji yanakopita, akajenga kuta fupi za mawe kuyapunguza kasi, akachimba mashimo ya kuyatuliza, na visima vyake vikapata maji hata miaka ya ukame. Alifariki mwaka 2015. Elimu ya mkulima huyo leo inaotesha miti katika jangwa la Arizona, na hilo ni jambo la kutupa fahari.

NENO KWAKO, MSOMAJI

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Maji ya Kitui na ya Arizona yana nguvu ileile, na uamuzi unaookoa maisha ni uleule: simama ukingoni, ngoja yapungue, au rudi ulikotoka.

Masika na vuli navyo vinakuja. Zibua mitaro kabla ya wingu la kwanza. Chimba makinga-maji shambani, tega mapipa chini ya paa, panda mti pale maji yanapopita. Na ukiwa ndani ya gari, dereva akitaka kuingia kwenye maji asiyojua kina chake, mwambie asimame; akikataa, shuka.